Kumbukumbu za Kikao cha Tatu

Mimi ndiye karani. Nalipwa kuandika waliyosema,
si waliyoyameza.
Saskatoon, Januari, chumba namba mia mbili na kumi na nne.
Nje ya kioo baridi inapasua matairi;
ndani tumevua makoti, tumebaki na tahadhari.

Ajenda ya kwanza: neno "mfagizi".
Dokta Solveig Aasen anasema linadhalilisha,
heri "mhudumu wa mazingira ya kujifunzia".
Profesa Friesen anauliza, je, hilo "mhudumu"
halina harufu ya utumwa?
Wanalinusa. Saa nzima wanalinusa,
wanapokezana kama mtoto wa watu aliyelowa
ambaye hakuna atakaye kuwa wa mwisho kumpakata.
Kijana wa sosholojia anafungua kinywa,
atazama huku, atazama kule,
akifunga.
Naandika: Hapakuwa na pingamizi.

Ajenda ya pili, dakika nne:
wafagizi, samahani, wahudumu, kumi na mmoja,
mikataba yao haitahuishwa mwezi wa Aprili.
Imepita.
Barua yao imeandikwa kwa mkono laini:
mna "safari", mna "shukrani",
mna "tunawapisha mkastawi kwingine".
Neno "kufukuza" halimo. Nimelitafuta mara mbili
kama mtu apapasaye mwiba ndani ya mnofu wa samaki.
Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni;
sikujua yaweza kumtoa na mfagizi kazini.

Darlene Okemow yuko mlangoni na ndoo,
anasubiri tumalize apige deki.
Jina la ukoo wake, kwa Kikri, ni "mkuu".
Saa tatu wamejadili aitweje
na hakuna aliyegeuza shingo.
Mimi nilimuuliza, ndani ya lifti: Unapenda kuitwaje?
"Niite mapema," akasema,
"kama kuna zamu ya ziada."

Nilicheka. Na hapo ungedhani niko upande wa Profesa Dyck,
mzee wa jiolojia, anayepiga meza kwa kiganja:
"Siku hizi hata kupumua kuna kanuni!
Zamani tulisema tulichotaka."

Kweli, Profesa. Mlisema.
Nilikuwa safu ya tatu, miaka thelathini iliyopita,
ulipoinua kipande cheupe cha talki:
"Hili hukwaruzika kwa ukucha, kama akili ya msichana."
Darasa zima likacheka.
Nami nikacheka, tena kwa sauti,
nikahama idara Ijumaa ile ile.
Leo naandika kwa haraka kuliko wote chuoni,
na bado najua ugumu wa kila jiwe, moja hadi kumi.

Na Vernon, kaka yake Darlene,
uliyemwita mbele ya watu jina
ambalo sitaliandika hapa
(siiogopi kamati, namwogopa Darlene),
aliondoka na kitabu cha miamba, hakurudi.
Maktaba inamdai hadi leo.
Wewe, sijui nani anakudai.

Kwa hiyo sisemi maneno ni upepo.
Nimeona neno moja likimtoa mtu mlangoni
bila kumgusa.
Ninachosema sijakipata vizuri.
Labda ni hiki: walioogopa kucheka vibaya
wamejifunza kunyamaza vizuri,
na mimi nawapigia chapa ukimya wao, nakala kumi na tano.

Mengineyo: hakuna.
Kikao kilifungwa saa kumi na moja na robo.

Wameondoka. Darlene ananiambia niinue miguu,
nainua.
Kisha ananyoosha mgongo, anautazama ubao:
majina yake saba, sita yamepigwa mstari,
la saba limezungushiwa duara.
Anayasoma polepole, midomo ikicheza,
kama mtu asomaye bei dukani.

"Haya," ananiuliza, kitambaa mkononi,
"niyafute, au yabaki?"